Pinboli: maswali ambayo watu wa Dar hawachoki kuniuliza

Mimi ni fundi kompyuta, Kariakoo. Kabla ya hapo nilikaa kaunta ya intaneti kafe moja pale Mwenge, zamu ya jioni, kuanzia 2003 hadi 2007. Kwenye mashine yangu ya kazi nimeweka pinboli, ule mchezo wa kuipiga gololi kwa makasia mawili isizame, na kila mteja anayeleta laptopu yake akaiona pale kwenye skrini, anasahau kilichomleta. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa nipate kushika bisibisi kwa amani.

Pinboli si ndiyo ile gemu ya kwenye Windows XP?

Ndiyo hiyo, na kwa wengi wetu hapa mjini ni hiyo peke yake. Mwulize mtu wa Dar aliyezaliwa miaka ya themanini pinboli ni nini. Hatakueleza habari ya meza ya mbao yenye miguu minne na kioo juu. Atakwambia: Start, Programs, Games, halafu kidole kimoja kwenye Z na kingine kule kulia kwenye mkwaju (/), kidole gumba kikisubiri kwenye spesi.

Ile ilikuwa picha ya kitu. Kitu chenyewe ni mashine yenye uzito wa zaidi ya kilo 100, ndani ina waya, sumaku na gololi ya chuma. Picha hiyo mimi siionei aibu. Kuna wazee hapa mjini walioipenda Simba au Yanga kwa kuisikiliza redioni miaka na miaka kabla ya kukanyaga uwanjani, na hakuna anayewaambia si mashabiki.

Ile gemu ilitengenezwa na nani?

Na kampuni ya Cinematronics ya Marekani. Mwaka 1995 walitoa gemu iliyoitwa Full Tilt! Pinball, ikiuzwa na Maxis, yenye meza tatu: Space Cadet, Skulduggery na Dragon's Keep. Microsoft walichukua meza moja tu, Space Cadet, wakaiweka kwenye pakiti ya ziada ya Windows 95, kisha ikaingia Windows NT 4.0, 2000, Me na XP. Kwa hiyo zile meza mbili nyingine, ya maharamia na ya joka, zilikuwepo muda wote huo na sisi hatukuziona. Siku nilipozigundua nilijisikia kama mtu aliyeambiwa ana ndugu wawili Tabora.

Mbona iliondolewa?

Wengi wanadhani ni mabosi wa maofisini walilalamika. Sababu ni ya kifundi. Microsoft walipokuwa wanahamisha programu zao kwenda mfumo wa biti 64, pinboli iligoma. Raymond Chen, mhandisi wao, alieleza mwaka 2012 kwamba gemu ilikuwa ikianza, gololi inaletwa pale kwenye kifyatulio, halafu inateremka taratibu, inakipenya kifyatulio, inatokea chini ya meza na kwenda zake. Sehemu ya programu inayotambua kwamba kitu kimegusa kitu ilikuwa imeharibika, na kodi yenyewe, yaani maandishi ya programu, ilikuwa imeandikwa na watu wa nje, karibu haina maelezo. Walikuwa na mamilioni ya mistari mingine ya kuhamisha, wakaamua kuiacha. Windows Vista ikaja mwanzoni mwa 2007 bila pinboli.

Hapa mjini hatukusikia pigo hilo mapema, maana XP iliendelea kuishi kwenye kompyuta za Dar miaka mingi baada ya wenyewe kuizika. Mpaka leo nikifungua kompyuta ya duka la vipuri au ya stoo fulani, naikuta ipo.

Ni kweli kulikuwa na maneno ya siri?

Kweli kabisa. Gemu ikianza, kabla hujafyatua, unachapa hidden test. Hakuna kinachoonekana. Ila kuanzia hapo unaweza kuikamata gololi kwa mausi na kuipeleka utakako. Ni njia waliyojiachia watengenezaji kwa ajili ya majaribio.

Kwa uzoefu wangu siri hii iliharibu urafiki mwingi kuliko mechi ya watani wa jadi. Mtu anakuja na alama za kutisha, anaapa kwa mama yake, kumbe kaiburuza gololi kwa mausi nusu saa nzima.

Nilicheza miaka yote lakini sikuwahi kupanda cheo. Nilikosea wapi?

Hukuwa peke yako. Wengi tulicheza kwa kuzuia gololi isizame, basi. Kumbe meza ile ina misheni. Unapiga vile vibao vitatu vya kuchagua misheni, maandishi ya pembeni yanakutajia uliyoipata, kisha unaipandisha gololi kwenye ule mteremko wa kurushia roketi ili kuikubali. Usipoipandisha, misheni haijaanza, hata upige vibao mpaka asubuhi. Ukiimaliza, taa za cheo zinawaka kidogo kidogo. Vyeo viko tisa, kutoka kadeti hadi admirali mkuu.

Haya yote yameandikwa kwenye ukurasa wa msaada wa gemu. Nani Dar amewahi kufungua ukurasa wa msaada?

Mashine halisi inafanyaje kazi?

Hili ndilo swali nilipendalo, kwa hiyo vuta kiti.

Meza imeinama kuelekea kwa mchezaji, nyuzi 6 na nusu hivi. Gololi ni ya chuma, kipenyo milimita 27, uzito gramu 80 hivi; fundi wa magari angeidhania ya kwenye beringi kubwa. Unavuta kifyatulio chenye springi, unaachia, gololi inapanda mpaka juu, halafu inaanza kurudi chini ikigongana na kila kitu njiani. Kazi yako ni kuizuia isitumbukie kwenye nafasi iliyo katikati ya yale makasia mawili ya chini, ambayo sisi tunayaita flipa.

Flipa inasukumwa na koili: waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi, katikati kuna kipande cha chuma. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku na kukivuta kile chuma ghafla. Utamu uko hapa. Koili ya flipa kwa kawaida ina nyaya za aina mbili zilizozungushwa pamoja, moja ya nguvu nyingi ya kupigia na nyingine ya nguvu ndogo ya kushikilia. Ukibonyeza, ile ya nguvu inapiga; flipa ikifika mwisho inagusa swichi ndogo, nguvu kubwa inakatwa, inabaki ndogo tu ya kuishika juu kwa muda wote ulioweka kidole. Swichi ile ikigoma kufunguka, koili inapokea moto wote bila kupumzika, na baada ya muda utanusa harufu ambayo fundi yeyote aliyewahi kuunguza transfoma anaijua.

Zile bampa za duara nazo zina ujanja. Gololi inakanyaga sahani nyembamba iliyozunguka shina, swichi inafunga, koili inavuta pete ya chuma kwenda chini kwa nguvu, na pete inaibana gololi na kuitema. Kwa hiyo bampa haiumizwi na gololi. Bampa ndiyo inayopiga. Kwenye kompyuta tuliona taa na kusikia mlio, tukadhani ni mpira unadunda.

Ukishinda mchezo wa bure, mashine nyingi zinapiga kishindo kimoja kikavu: koili inarusha chuma kugonga mbao ya sanduku. Si sauti ya spika. Mara ya kwanza kukisikia nilidhani kuna kitu kimepasuka.

Kumbe umewahi kuigusa ya kweli?

Mara moja. Mwaka 2014 nilipelekwa Hamburg wiki tatu kwa mafunzo ya printa kubwa za ofisini. Niliuliza watu wapi naweza kuona pinboli, hawakunielewa, mpaka mmoja akasema, "Ah, Flipper!" Wajerumani, kama Wafaransa, mashine nzima wanaiita kwa jina la yale makasia. Nikaonyeshwa baa yenye The Addams Family kwenye kona, karibu na mlango wa choo.

Niliweka sarafu, nikavuta, nikaachia. Gololi ilizama kabla sijashusha begi begani. Miaka yote ya Z na mkwaju haikunisaidia chochote, kwa sababu kwenye kompyuta gololi haina uzito. Hapa unausikia kwenye viganja: koili ikipiga, sanduku zima linashtuka, na kioo kinatetema. Nilitumia hela ya chakula cha jioni. Jioni hiyo nilikula mkate mtupu.

"Tilt" ni nini? Mbona gemu ilikuwa inakufa ghafla?

Ulikuwa unaitikisa mno. Kwenye kompyuta vitufe vya kutikisa vilikuwa X, nukta na mshale wa juu. Kwenye mashine halisi unaisukuma kwa mikono, na ni ruhusa, hata ni sehemu ya ufundi. Mchezaji mzuri anaipa kiuno kidogo gololi ikigeuza njia. Lakini ndani kuna timazi, kama ile ya fundi mwashi: kipande cha chuma chenye ncha kinaning'inia katikati ya pete. Ukizidisha, chuma kinagusa pete, umeme unapita, flipa zinakufa na gololi yako imekwenda. Kifaa cha namna hiyo kilibuniwa miaka ya thelathini na Harry Williams, ambaye baadaye alianzisha kampuni iliyobeba jina lake.

Kule kafe kulikuwa na kijana aliyekuwa akitikisa CPU yenyewe. Nilimweleza mara tatu kwamba haisaidii. Alisema anajua, ila mikono haisikii.

Ilianzia wapi?

Ufaransa ya karne ya 18 kulikuwa na mchezo wa mezani ulioitwa bagatelle: mpira, mashimo, na pini zilizopigiliwa kuzuia njia. Pini ndizo zilizoupa mchezo jina unalobeba leo. Mwaka 1871 Montague Redgrave, akiwa Cincinnati, Marekani, alipata hataza ya maboresho yake, na kati ya hayo ni kifyatulio cha springi. Mwaka 1931 David Gottlieb wa Chicago akatoa Baffle Ball, ikauzwa kama maandazi ya asubuhi, na Chicago ikabaki makao makuu ya pinboli.

Flipa hazikuwepo bado. Ulifyatua, ukatazama, ukaomba Mungu. Zilikuja mwaka 1947 kwenye Humpty Dumpty ya Gottlieb, iliyobuniwa na Harry Mabs. Zilikuwa sita, zimepangwa pembeni. Mwaka uliofuata Steve Kordek, kwenye Triple Action ya kampuni ya Genco, akatumia mbili tu, chini. Pale pale zilipo leo.

Nami nina Redgrave wangu. Magomeni, tukiwa watoto, kaka yangu alichukua ubao wa kitanda kilichovunjika, akapigilia misumari, akafunga mpira wa tairi la baiskeli kati ya misumari miwili kuwa bampa, na kijiti chenye springi ya kalamu kuwa kifyatulio. Mashimo aliyachonga kwa kisu cha moto na kuyaandikia alama kwa mkaa. Gololi zilikuwa za kioo, zile zenye ua ndani. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusikia neno pinboli. Ukiwa na mtoto na mbao ya kutupwa, hiyo ndiyo pinboli rahisi kuliko zote: inamisha ubao kwa tofali moja, acha misumari nafasi ya gololi moja na nusu, na usiweke shimo la alama nyingi katikati, litamaliza utamu.

Hii si kamari? Mama yangu anasema ni sawa na dubwi.

Mama ana hoja, kwa pinboli ya zamani. Kabla ya flipa mchezo ulikuwa bahati kwa sehemu kubwa, na zilikuwepo mashine zilizolipa hela. Ndiyo maana mwaka 1942 meya wa New York, Fiorello La Guardia, alizipiga marufuku, polisi wakazikamata kwa maelfu na yeye mwenyewe akapigwa picha akizivunja kwa nyundo. Marufuku ilidumu hadi 1976.

Namna ilivyoondolewa ndiyo naipenda. Roger Sharpe, mwandishi kijana na mchezaji, aliitwa mbele ya kamati ya baraza la jiji kuonyesha kwamba huu ni mchezo wa ufundi. Wakamkatalia mashine aliyoizoea, wakihofu imechezewa, wakamtaka atumie ile ya akiba. Alicheza, kisha akatangaza: nikifyatua sasa, gololi itapita njia ya katikati. Akavuta, akaachia, ikapita. Marufuku ikaondolewa. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba bahati nayo ilikuwepo.

Dubwi ni kitu kingine. Dubwi unaweka sarafu, unabonyeza, unangoja. Mkono wako haubadilishi kitu. Pinboli ya leo haikurudishii hata senti. Inachokupa ni gololi nyingine.

Kwa nini hatukuwa nazo mitaani kama "pool table"?

Mimi nimekulia Dar na sikuwahi kuiona moja. Ukiiangalia kifundi, huhitaji kwenda mbali kupata sababu. Pool inataka meza, kitambaa na fimbo. Kitambaa kikichanika kinashonwa. Pinboli inataka balbu nyingi, raba za kubadilishwa, koili za vipimo maalumu, na fundi wa kuelewa yote hayo. Ya soko la Marekani imepangwa kwa umeme wa volti 120, wetu ni 230. Inakula sarafu, na sarafu zetu zimekuwa zikiishiwa thamani mifukoni: ya shilingi 200 ilitoka 1998, ya 500 ikaja 2014.

Na kumbuka nchi yenyewe. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, na televisheni Tanzania Bara ilianza 1994. Vitu vya skrini na vya anasa vilichelewa kwetu, halafu vikaja vyote kwa mpigo. Kizazi changu kiliruka kutoka ubao wa misumari hadi Windows bila kupita katikati. Hata bao letu tulikutana nalo hivyo hivyo: Nokia 3310 ilikuja na Bantumi, na wazee waliocheza bao tangu ukoloni wakaliona limo ndani ya simu, limepunguzwa mpaka linatia huruma.

Mashine zako unazozipenda ni zipi?

Space Cadet, kwanza na daima. Hiyo haina mjadala.

The Addams Family, iliyotoka 1992 kwa jina la kampuni ya Bally, kazi ya Pat Lawlor na Larry DeMar. Ziliuzwa 20,270, na imehesabiwa kuwa ndiyo iliyouzwa kuliko zote za zama za elektroniki. Inajua kutisha. Mkono mtupu unatoka kwenye kisanduku, unainyakua gololi kwa sumaku na kuingia nayo ndani. Chini ya ubao kuna sumaku nyingine zinazoivuruga gololi bila wewe kuona kitu. Huku Uswahilini tungesema meza ina wenyewe.

High Speed ya 1986, ya Steve Ritchie. Hii naicheza kwenye kompyuta tu. Aliitoa kwenye kisa chake mwenyewe cha kukimbizwa na polisi kwenye barabara kuu ya California, na juu ya mashine kuna king'ora chekundu kinachozunguka. Unapiga taa za barabarani kutoka kijani, njano, mpaka nyekundu, halafu kazi yako ni kuipita hiyo nyekundu. Dereva yeyote wa daladala angeielewa bila maelekezo.

Medieval Madness, 1997, ya Brian Eddy: kuna ngome, unaipiga mpaka inaporomoka, na vichekesho havikomi. Wapenzi wengi wa pinboli duniani wanaiweka namba moja. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1999, Williams, kampuni ya yule Harry wa tilt, walifunga kiwanda cha pinboli na kujikita kwenye mashine za kamari. Mwambie mama habari hiyo. Atafurahi kuona alikuwa sahihi kwa mlango wa nyuma.

Naweza kucheza wapi leo?

Space Cadet ilifumuliwa na kuandikwa upya mwaka 2021, kodi ikawekwa wazi, na sasa inafanya kazi kwenye Windows mpya, Linux, hata simu za Android. Kwa meza za kweli zilizogeuzwa kuwa za kompyuta kuna Visual Pinball, ya bure, ila inataka uvumilivu wa kuipanga na kadi ya picha yenye afya. Kwenye simu zipo nyingi. Zile zenye matangazo kila gololi ikizama zifute tu.

Nikitaka kuagiza ya kweli?

Kampuni za Stern na Jersey Jack bado zinazitengeneza. Mpya ni zaidi ya dola 6,000 kabla ya meli, bandari na kodi. Ukiagiza, mimi nitakuja kuifunga bure. Nipe tu dakika kumi.

Rekodi yako ni ngapi?

Nilitegemea hutauliza.

Space Cadet inatunza majina matano ya juu, na inayatunza ndani ya rejista ya Windows, yaani daftari lake la mipangilio. Kwa hiyo CPU ikiwa salama, na rekodi zipo. Pale kafe gemu tuliiweka kwenye kompyuta namba moja, ya kaunta. Asubuhi alikaa dada mmoja wa Sinza, jioni mimi. Hatukuonana sana zaidi ya kukabidhiana daftari na hela. Lakini kila nikiingia zamu nilifungua ile orodha, nikakuta kanipita. Nami usiku nilifunga mlango, nikabaki na taa moja, nikampita. Asubuhi kanipita tena. Tulienda hivyo karibu mwaka mzima bila kuzungumzia jambo hilo hata mara moja. Daftari la mahesabu liko sawa, "za asubuhi kaka", "salama dada", basi.

Kafe ilipofungwa 2007 niliinunua ile CPU. Haina kazi tena, ila diski yake ngumu ipo kwenye droo yangu na sijaigusa. Jina langu ni la tano. Manne ya juu ni yake, na mpaka leo sijui kama alikuwa anaijua hidden test.